Oili ilikuwa inakimbilia kwenye boksi la cheni

Jamani wiki hii nimeshinda Ihumwa na kijiko kidogo, zile skidi stia zinazogeukia palepale, kila asubuhi tunaongeza oili ya haidroliki na chini hakuna hata tone, upande wa kulia ukawa hauna nguvu kabisa. Bosi akasema pampu imekufa. Mi nikakataa, nikafungua nati ya kupimia oili ya boksi la cheni, lile lenye cheni zinazozungusha matairi, weee, ikaanza kumwagika yenyewe, boksi limejaa mpaka juu. Hapo nikajua sili ya shafti ya mota, ile inayozuia oili isitoke kwenye mota ya haidroliki inayozungusha cheni, imekwisha, oili inavujia ndani kwa ndani.

Sasa wengi wanabadilisha sili wanafunga, siku mbili imevuja tena. Mi nikafuata ule mpira mdogo unaorudisha oili kutoka kwenye mota, nikaukuta umejikunja umebanwa na chuma, oili haina pa kupita presha yote inasukuma sili. Nikaweka mpya. Kabla ya kufungua nilipuliza vumbi lote na kompresa maana vumbi letu hili la Dodoma likiingia kwenye mota umeisha, halafu shafti nikaipitisha kucha kuona kama imelika pale inapokaa sili, haina mfereji, namshukuru Mungu.

Na nawaomba mafundi wenzangu, mpira wa presha ukivuja msipapase kwa mkono, oili inapenya ngozi kama sindano, pitisha kipande cha karatasi ngumu ya boksi uone inapovuja. Ikikupenya wahi hospitali hata kama hakuumi.

Leo siku ya tatu, oili haijashuka hata kidogo.