Nyamaza, Huyo ni Mtu Mkubwa

Wiki mbili zilizopita niliombwa nikazungumze na vijana wanaosomea utangazaji hapa Tanga. Mada yao ilikuwa jinsi chombo cha habari kinavyojichunguza chenyewe, nami bila kufikiri sana nikachagua kisa cha BBC na Jimmy Savile. Nyaraka zake ni nyingi, na kwetu BBC si jina la mbali. Marehemu baba hakugusa chakula cha jioni mpaka Idhaa ya Kiswahili imalize habari zake. Sisi watoto tulifundishwa kunyamaza redio ikisema.

Kwa wasiomjua, Savile alikuwa mtangazaji nyota wa BBC. Ndiye aliyeongoza toleo la kwanza kabisa la kipindi cha muziki cha Top of the Pops, Januari 1964, na baadaye akapewa Jim'll Fix It, ambamo watoto walimwandikia barua wakimwomba awatimizie ndoto zao. Alichangisha fedha nyingi kwa ajili ya hospitali, akapewa cheo cha Sir mwaka 1990, akafa Oktoba 2011 akiwa na miaka 84 na akazikwa kwa heshima kubwa. Mwaka haujaisha vizuri, Uingereza nzima ikajua kwamba kwa miongo mingi alikuwa akinajisi watoto.

Nilipokaa kujiandaa, nilianza na habari ya waandishi wenyewe, maana hao ni watu wa kazi yangu. Wiki chache tu baada ya mazishi, Liz MacKean na Meirion Jones wa Newsnight, kipindi cha habari cha BBC yenyewe, walikuwa wameshazungumza na wanawake waliopitia Duncroft, shule ya wasichana huko Surrey, na mmoja wao alikubali kueleza mbele ya kamera alichotendewa na Savile. Habari ilikuwa mkononi. Mhariri akaisimamisha. Krismasi ile ile BBC ikarusha vipindi vya kumkumbuka na kumsifu Savile. Hebu jiweke mahali pa yule mama: umekusanya ujasiri wa maisha yako yote, umesema, halafu unawasha televisheni unamwona yeye anashangiliwa.

Waliokuja kuitoa habari ni ITV, televisheni inayoshindana na BBC, tarehe 3 Oktoba 2012. Uchunguzi ambao BBC ilimpa Nick Pollard, mwanahabari kutoka nje ya shirika, ulisema mhariri wa Newsnight alikuwa na nia njema ila uamuzi wake ulikuwa na kasoro, na kwamba shirika lilivurugika vibaya lilipoanza kujieleza. Mkurugenzi Mkuu wa BBC, George Entwistle, aliondoka baada ya siku 54, kwa sababu ya kosa jingine la Newsnight hiyo hiyo: ilirusha tuhuma zilizomwangukia mtu asiyehusika.

Halafu nikafika kwenye ripoti ya Dame Janet Smith, jaji mstaafu, iliyotoka Februari 2016. Alithibitisha watu 72 waliodhalilishwa na Savile katika shughuli zake za BBC. Kati yao 34 walikuwa hawajafika miaka 16, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 8. Humo humo kuna mfanyakazi wa kike wa ngazi ya chini wa Television Centre, jengo la studio za BBC London. Alimwendea msimamizi wake, akamweleza alichotendewa na Savile. Akaambiwa afunge mdomo, huyo ni mtu mkubwa.

Hapo nilishindwa kuendelea kusoma. Yule msimamizi ni mimi.

Redio niliyofanyia kazi sitaitaja. Nilikuwa msimamizi wa zamu. Binti alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, sauti nzuri, mkono mwepesi kwenye mashine, akapewa mkataba mfupi. Siku moja aliingia ofisini kwangu akiwa ameshika kanda mbili za kurekodia kifuani kama mtu aliyebeba sahani zinazotaka kuanguka. Hakukaa. Alisema mtangazaji wetu wa usiku, yule ambaye matangazo ya biashara yote yalikuwa yanamfuata yeye, alifunga mlango wa studio akamshika. Alisema "alinishika" mara tatu, na mara ya tatu sauti haikutoka.

Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa yangu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tulia kwanza. Unamjua yule ni nani hapa." Nikamwahidi nitalishughulikia. Alipotoka nikaenda kwenye ubao wa matangazo uliokuwa na ratiba ya zamu, nikafuta jina lake kwenye usiku kwa kalamu nyekundu, nikaliandika asubuhi. Jina la yule mwanamume sikuligusa. Nilirudi mezani nikiwa na moyo mweupe, naamini nimemwokoa binti wa watu.

Sikuandika barua, na mkurugenzi sikumwambia. Miezi mitatu baadaye binti akaacha kazi, nasi tukasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Sasa mtaelewa kwa nini sehemu moja ya ripoti ile hainitoki. Dame Janet Smith alisema hakupata ushahidi kwamba BBC kama shirika ilijua uovu wa Savile, kwa kuwa habari hazikuwafikia wakubwa. Wakati huo huo, mashahidi zaidi ya 100 waliofanya kazi pale walimweleza kwamba walishasikia uvumi, visa na utani kumhusu. Kisheria naelewa tofauti. Lakini mimi nimekaa kwenye kile kiti. Siku binti yule aliposema nami, redio yetu ilikuwa imeambiwa. Haikuwa na sikio jingine pale zaidi ya langu. Leo mkurugenzi wangu wa zamani anaweza kuapa msikitini kwamba hakujua, na atakuwa anasema kweli, na ukweli wake umetengenezwa na mimi.

Na hata wakubwa waliposikia, tazameni walichouliza. Mwaka 1973 Douglas Muggeridge, mkuu wa Radio 1 na Radio 2 za BBC, aliingiwa na wasiwasi kuhusu Savile. Ofisa habari akatumwa adodose kwa waandishi wa magazeti kama wana lolote. Savile mwenyewe akaulizwa, akakana. Wasichana hawakuulizwa. Walitaka kujua kama itaandikwa. Mimi pia, nikisema kweli yote, niliposhika ile kalamu nilikuwa nawaza wadhamini.

Kwa vijana wale nilikwenda, nikawaeleza yote, pamoja na hili langu. Kijana mmoja aliniuliza kama nilishawahi kumtafuta yule binti. Sikuwa na jibu.

Nimempata juzi, kupitia mama mmoja aliyekuwa mapokezi. Ana watoto wawili na duka la vitenge. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa upole, akaniuliza kama najua kwamba zamu ya usiku ilikuwa na posho. Najua, nikasema, mimi ndiye nilikuwa nasaini. "Basi, dada, ile posho ndiyo nilikuwa nalipia chumba."

Hilo sikuwahi kulifikiria, miaka yote hii. Nilimpunguzia mshahara kwa kunieleza.

Nilimuuliza sasa nifanye nini, na kama angependa jambo hili lifike kwenye redio yenyewe, maana bado ipo na yule mtangazaji bado yu hai. Alikaa kimya, nikasikia mteja dukani akiuliza bei. Akasema ya redio atayafikiria, ni yake, nisiyafanye bila yeye. "Ila wewe lako liandike. Andika kwamba nilikwambia. Na siku uiandike."

Ilikuwa Jumatano, Agosti 2001, kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi. Aliniambia.