Fundi wa piano: sikiliza kwanza anakuuliza nini

Fundi wa kwanza kuja kutyuni piano yangu, yani kuzirudisha nyuzi kwenye sauti sahihi, alitumia dakika 35, akafunga begi lake, akaondoka. Siku hiyo nilifurahi sana, yani ilisikika kama piano nyingine kabisa, nikaipiga mpaka usiku. Wiki mbili hazijaisha ikaanza kulegea, noti za katikati zinalia kama zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na kibonyezo kimoja ambacho kilikuwa kinanata kikazidi kunata kwa sababu alikipulizia mafuta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nimpate vipi fundi mzuri, namrudishia swali: huyo uliyempigia simu, amekuuliza nini?

Maana fundi wa pili, ambaye ndo ninaye mpaka leo, kabla hata hajapanga siku ya kuja aliniuliza mambo kama daktari. Ni piano ya kusimama au ni grandi, ile kubwa ya kulala? Ina umri gani? Mara ya mwisho kutyuniwa ni lini? Imekaa karibu na dirisha, jua linaipiga? Nani anaipiga, kila siku au mara moja moja? Nikamjibu kwamba ukimtoa huyo wa juzi ilikuwa na miaka 8 haijaguswa. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Basi dada usitegemee nitaimaliza kwa siku moja, itabidi nirudi tena baada ya wiki kadhaa." Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani mtu anatafuta hela zaidi. Hapana, huyo ndo anakwambia ukweli.

Sababu iko hivi. Piano ina nyuzi kama 230, na ukijumlisha mvuto wa nyuzi zote unafika tani 18 hivi mpaka 20, mzigo wote huo umebebwa na fremu ya chuma huku nyuzi zinakandamiza ubao wa sauti, ule mpana unaotetemeka na kuikuza sauti, kupitia kipande cha mbao kinachoitwa daraja. Piano ikikaa miaka bila kutyuniwa inashuka, yangu ilikuwa imeshuka karibu nusu toni nzima, ukibonyeza noti ya A unasikia kitu karibu na A flati, noti iliyo chini yake. Sasa ukianza kuvuta nyuzi kuzirudisha juu, mzigo unahama, ukifika upande wa juu kule besi, kwenye noti nzito, ulikoanzia kumeshashuka tena. Ndo maana fundi anayejua anapita kwanza haraka haraka kuipandisha piano nzima, halafu anarudi mwanzo kuityuni kwa utulivu, na hata hapo bado itashuka kidogo kwa hiyo lazima arudi. Yule wa dakika 35 alipita mara moja tu.

Huyu wa pili nilikaa pembeni nikamwangalia kazi nzima, na nakushauri na wewe ufanye hivyo, fundi mzuri hakatai, mradi usiongee. Kabla hajavuta chochote aliweka spana yake kwenye pini kadhaa, zile zinazozungushiwa nyuzi, huku na kule, akazisukuma kidogo tu kusikia kama zimekaza au zimelegea kwenye ule ubao wa mbao ulioshika pini zote. Akabonyeza vibonyezo vyote 88 kimoja kimoja. Akamulika tochi kwenye nyuzi akaniambia kuna kutu hapa, uzi unaweza kukatika nikiupandisha, uko tayari? Yani aliniambia hatari kabla haijatokea, siyo baada.

Halafu akaanza. Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu zinazogongwa na nyundo moja, kwa hiyo unaziba mbili kwa vipande vya felti (kitambaa kizito cha sufu) au mpira, unauweka sawa mmoja, ndo unaachia wa pili. Ukiachia wa pili unasikia sauti inayumba, wau, wau, wau, na kadri anavyosogeza spana, kwa kiasi ambacho jicho halioni mkono ukitembea, ile wau inarefuka, waaau, waaaaau, mpaka inapotea na nyuzi mbili zinakuwa uzi mmoja. Ukishasikia hiyo mara moja huwezi kudanganywa tena. Mimi sasa akimaliza fundi yeyote nabonyeza noti moja moja taratibu, naziacha zilie mpaka mwisho, noti ikiyumba yenyewe bila nyingine kuwepo hiyo kazi haijaisha. Na kisha nabonyeza kwa nguvu mara nyingi nione kama imekaa palepale, kwa sababu pini isipotulizwa vizuri ukipiga kwa nguvu uzi unateleza.

Kuhusu yale mafuta. Naomba hapa unisikilize kweli. Mtu akitoa kopo la kupulizia mafuta karibu na piano yako msimamishe. Ndani kuna mbao, felti na vitambaa vidogo vidogo ambako kila kitu kinazunguka, mafuta yanavivimbisha na kushika vumbi, na yakifika kwenye ule ubao wa pini basi pini hazishiki tena, huo ni uharibifu mkubwa sana kuurekebisha. Kile kibonyezo changu kilinata kwa sababu ya unyevu tu, kitambaa chake kilikuwa kimevimba. Fundi wa pili alikichomoa, akakibana kitambaa kwa koleo maalumu, akakirudisha. Dakika moja. Muda mrefu zaidi ulienda kusafisha mafuta ya mwenzake.

Na jua pia kwamba kutyuni siyo sevisi yote. Kuna kutyuni, kuna regulesheni, yani kurekebisha mitambo yenyewe ili kibonyezo kizame sawa (kawaida ni kama milimita 10) na nyundo iachie karibu kabisa na uzi bila kuugusa kabla ya muda, na kuna voisingi, kuchoma felti ya nyundo kwa sindano au kuisugua ili sauti ilainike au ing'ae. Wapo watu wanatyuni vizuri sana ila hizo mbili nyingine hawaziwezi, na siyo dhambi, ila akuambie. Muulize waziwazi. Ukiwa na grandi muulize ameshatoa mitambo yake mara ngapi, maana inavutwa nje kama droo na ukigusa kibonyezo kimoja bahati mbaya wakati inatoka, nyundo inanyanyuka, inakwama, inavunjika mpini.

Vyeti vinasaidia. Marekani kuna chama cha mafundi, Piano Technicians Guild, kimeanzishwa 1957, na ili mtu aitwe fundi aliyesajiliwa lazima afaulu mitihani mitatu: wa kuandika, wa kutyuni, na wa ufundi wa kutengeneza na kurekebisha. Kuwa mwanachama tu haitoshi, wapo wanachama ambao bado hawajafanya hiyo mitihani, kwa hiyo uliza vizuri. Uingereza kuna Pianoforte Tuners' Association tangu 1913. Pasipokuwa na chama mimi ningeuliza alijifunza kwa nani na kwa muda gani, halafu ningetafuta walimu wa piano wawili watatu wanaomtumia zaidi ya mara moja. Zaidi ya mara moja ndo muhimu, maana hata mimi wiki ile ya kwanza ningemsifia yule wa dakika 35.

Fundi akityuni kwa programu ya simu isikutishe, mafundi wazuri wengi wanatumia, ila iwe ya piano siyo ya gitaa. Nyuzi za piano ni ngumu, sauti zake za juujuu zinapanda kidogo kuliko hesabu inavyosema, kwa hiyo oktava, yani umbali wa kutoka A moja hadi A inayofuata, lazima zitanuliwe kidogo ili sikio liridhike, na programu ya kawaida haijui hilo.

Siku akija zima feni na redio, toa picha na maua juu ya piano, watoto waende kucheza mbali. Mpe masaa yake.

Wangu alipomaliza siku ile ya pili alichomoa kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa besi, akaandika ubavuni kwa penseli tarehe na 440, yani A ya katikati sasa inatetemeka mara 440 kwa sekunde. Juu yake kulikuwa na tarehe nyingine tano, mwandiko wa zamani, penseli imefifia. Ya yule wa kwanza haikuwepo.