Kijiti cha mlangoni

Siku niliyohamia nyumba hii ya kupanga hapa Gainesville, Florida, nilikuta kipande cha mpini wa fagio kimelazwa kwenye reli ya mlango wa kioo, ule wa kusukuma wa kutokea uani. Nikaona uchafu tu, nikakitia mfuko wa taka. Nikiwa njiani kwenda kutupa, bibi wa nyumba ya pili akakiona kinachungulia mfukoni, akanisimamisha. Alikichomoa mwenyewe, akaja nacho mpaka ndani, akakirudisha kwenye reli na kukigongagonga kwa kiganja mpaka kikakaa, mlango usisukumike kutoka nje. Ndipo akanieleza.

Agosti 1990, muhula ndio kwanza unaanza, wanafunzi watano waliuawa kwa kisu katika nyumba zao za kupanga. Wanne walikuwa wa Chuo Kikuu cha Florida, mmoja wa chuo cha Santa Fe, humu humu mjini. Wasichana wanne na mvulana mmoja. Maiti zao zilikutwa katika nyumba tatu, siku tatu mfululizo, tarehe 26, 27 na 28. Muuaji alikuwa amepiga hema msituni, karibu na barabara ya Archer, na usiku hutoka na bisibisi kuchokoa milango ya watu. Aliyowatenda sitayaandika.

Bibi anasema madukani makufuli yaliisha, bunduki nazo zikagombaniwa. Wanafunzi kwa maelfu walifunga virago wakarudi kwao. Waliobaki walijazana chumba kimoja, taa zinawaka usiku kucha, wakilinda kwa zamu.

Hapo nilishindwa kujizuia, nikacheka, na bibi akanitazama vibaya. Lakini nitamwelezaje mtu wa Florida habari za popobawa, lile pepo linalosemwa huwavamia watu usiku wamelala? Mwaka 1995 nilikuwa mtoto Ng'ambo, Unguja, na mtaa mzima tulilala nje, mikeka imeungana, moto umekokwa, kila mtu anaogopa kupitiwa na usingizi. Mimi kwa utoto wangu niliona raha. Kisicho raha ni kwamba mwaka huo huo watu walimvamia mgonjwa wa akili, mgeni masikini wa watu, wakamuua wakidai ndiye popobawa.

Na hapa nusura yawe hayo hayo. Polisi walimshuku kijana wa miaka 18, mwanafunzi, naye mgonjwa wa akili. Picha yake ikaenea Marekani nzima. Hakuwa ameua mtu.

Muuaji, Danny Rolling, mtu wa Shreveport, Louisiana, wakati huo yumo jela ya Ocala, mji wa kusini kidogo ya hapa. Alikamatwa Septemba kwa kuiba kwenye supamaketi! Mpaka ilipokumbukwa kwamba huko Shreveport nako, Novemba 1989, watu watatu wa familia moja waliuawa kwa namna inayofanana, ndipo wakampima vinasaba, vikalingana. Februari 1994, siku kesi inaanza, akakiri mwenyewe. Akanyongwa? Hapana, huku wanadunga sindano ya sumu, na yeye alidungwa tarehe 25 Oktoba 2006.

Barabara ya 34 kuna ukuta mrefu ambao wanafunzi huupaka rangi wapendavyo: leo mtu kaandika pongezi za kuzaliwa, kesho mwingine kafuta kaandika yake. Sehemu moja tu ina majina ya wale watano, na ikichafuliwa hupakwa upya.

Jumapili nilimpigia mama nikamhadithia yote. Habari ya sindano haikumshughulisha. Aliuliza, "Na yule kijana waliyemsingizia, mwanangu, kuna aliyemwendea kumtaka radhi?"

Swali lile nililipeleka kwa bibi jirani. Alikuwa anamwagilia maua yake, akafunga mpira wa maji kwanza. Akasema picha ya yule kijana aliikata gazetini kwa mkono wake, akaibandika kwenye friji ili wanawe waijue sura, na ilikaa pale miezi.