Isotoniki: maana yake ndani ya chupa ya dripu

Neno isotoniki limetoka Kigiriki: isos ni sawa, tonos ni mkazo. Kwa misuli, husemwa pale msuli unapofupika huku mkazo wake ukibaki uleule. Ila kazi yake kubwa naiona kwenye dripu.

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, ni isotoniki: hayanyonyi maji ya chembe nyekundu za damu wala hayazijazi. Ukiingiza maji matupu mshipani, chembe huvimba na kupasuka. Chumvi ikizidi, hunywea na kujikunja kingo.

Glukosi ya asilimia 5 ndiyo huchanganya wengi. Chupani ni isotoniki, lakini mwili ukishaitumia sukari, hubaki maji tu, yanayoingia ndani ya chembe badala ya kukaa mishipani. Ndiyo maana haifai kumjazia mishipa mgonjwa aliyekaukiwa kwa kuharisha.