Siku ya kuingiza probu mbili

Saa 2 asubuhi. Nafika maabara hapa London na moja kwa moja nawasha kompyuta. Ndugu zangu wa Tanga wakisikia nafanya utafiti wa ubongo hudhani nashinda nimeinamia hadubini. Ukweli ni kwamba siku ya kurekodi huharibika au kufanikiwa kwenye mpango, kabla panya hajaguswa.

Leo tunataka kusikiliza sehemu mbili za ubongo wake kwa pamoja: kiini cha thalamasi (kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo) kinachopokea habari za macho, na kolikulasi ya juu, sehemu iliyo nyuma yake ambayo nayo hupokea habari za macho. Kila sehemu ina probu yake ya Neuropixels, ujiti wa silikoni wenye urefu wa milimita 10, upana wa maikromita 70 na unene wa maikromita 24. Juu yake kuna vituo 960 vya kunasa umeme wa seli, lakini 384 tu ndivyo hurekodi kwa mpigo mmoja. Lazima ujue mapema unataka kusikia wapi.

Saa 2 na nusu. Nafungua Pinpoint, programu ya kupangia njia za probu, iliyotokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Inafanya kazi ndani ya kivinjari. Naweka probu ya kwanza milimita 2.3 nyuma ya bregma, pale mishono ya fuvu inapokutana, na milimita 2.2 kando ya mstari wa kati. Naishusha wima. Pembeni rangi za sehemu inazopita zinabadilika: gamba la kuona (tabaka la juu la ubongo linaloshughulikia macho), hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, kisha thalamasi. Safi kabisa.

Naweka ya pili. Ncha zimeachana vizuri, ila vishikio vyake huko juu vinagongana. Kwenye karatasi yenye vipimo vitupu usingeliona hilo. Ungelijua probu zikishavunjika.

“Kaka, si tuihamishie upande wa kushoto?” anauliza mwanafunzi wetu, binti wa Nairobi.

Haiwezekani, dada. Kila upande wa ubongo wa panya hupokea zaidi habari za jicho la upande wa pili, nasi tunataka sehemu zote mbili ziwe zinaona picha ileile. Kuilaza itokee nyuma nako kuna hatari, maana pale kati ya gamba na serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, umelala mshipa mkubwa wa damu. Basi tunailaza ya kwanza nyuzi 20 itokee mbele, na ya pili itokee ubavuni. Vishikio vinaachana. Gamba la kuona tumelipoteza, kwa kuwa njia mpya inapitia gamba la mguso. Nimekubali hasara hiyo, kwa sababu swali letu la leo liko chini zaidi.

Saa 5. Panya yuko macho, anakimbia kwenye gurudumu lake, kichwa kimeshikwa. Tundu la fuvu lilitobolewa katika upasuaji wa awali, akiwa amelazwa kwa dawa. Ncha inagusa ubongo, uso unabonyea kidogo, kisha unaachia. Hapo ndipo naanza kuhesabu kina, maikromita chache kwa sekunde. Sipendi kuharakishwa katika hatua hii na huwa namwomba kila mtu anyamaze.

Saa 6 na nusu. Ramani ya ubongo tunayotumia, ya Taasisi ya Allen ya Marekani, ni wastani wa ubongo wa panya 1,675. Huyu wetu ni mmoja. Kwa hiyo natazama ishara zenyewe: gamba lina kelele, tabaka jeupe chini yake liko kimya, kisha hipokampasi inalipuka kwa milio mifupi ya haraka. Hipokampasi imeonekana maikromita 150 chini ya ilipotarajiwa kwenye mpango. Naishusha ncha kiasi hichohicho. Tunawasha taa, na seli za thalamasi zinajibu mara moja. Nimefurahi mno.

Saa 10 jioni. Tunazitoa probu. Zilipakwa rangi nyekundu ya DiI, hivyo njia zilizopita zitaonekana ubongo utakapokatwa vipande. Utafiti wa wanyama hapa unasimamiwa na sheria ya mwaka 1986 inayodai tutumie wanyama wachache iwezekanavyo. Mimi naichukulia kwa uzito: panya akirekodiwa mahali pasipotakiwa, tumemtumia bure.

Saa 11. Naandika ile tofauti ya maikromita 150 kwenye faili ya mpango, pamoja na pembe zote mbili. Mwenzangu wa zamu ya kesho atazihitaji kabla hajashusha probu zake.