Programu yangu ilipojifunza kupiga hodi

Kisa chenyewe kilianza na risiti mbili zenye namba moja. Namba 1482 ya kwanza ilikuwa ya fundi aliyechukua mifuko sita ya saruji. Namba 1482 ya pili, siku hiyohiyo, ilikuwa ya mtu wa nondo. Mama mwenye duka alizilaza juu ya kaunta, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa nani kaniibia?"

Hakuibiwa na mtu. Programu ya mauzo nilimwandikia mimi, kwa lugha ya Python na Qt (zana za kutengeneza madirisha na vitufe), data zikikaa kwenye kanzidata ya SQLite, na humo nilikuwa nimefanya uzembe. Ikifunguka inasoma namba ya risiti ya mwisho, inaishika, halafu inaongeza mojamoja bila kuangalia tena. Ikiwa wazi moja, hakuna neno. Keshia alikuwa nazo nne. Nilikaa pembeni yake saa nzima nikajionea: kompyuta ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani, anabofya ikoni, kimya, anabofya tena. Baadaye akifungua Excel, dirisha la mauzo linafunikwa, anadhani limejifunga, anarudi kwenye ikoni. Hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Suala la namba nililimaliza jioni ileile: sasa kanzidata ndiyo inayoitoa. Kilichonila wiki tatu ni kuhakikisha programu inafunguka mara moja tu, na nakala ya pili (yaani programu ileile ikifunguliwa tena) ikianza iikabidhi ya kwanza ilichokuja nacho, kisha iondoke. Maana kuna kuja na kitu: mafundi wanatuma faili za oda kwa WhatsApp, keshia anabofya faili mara mbili, na oda inatakiwa itokee kwenye dirisha lililokwisha kuwa wazi, isizae dirisha jingine.

Zamani, enzi za Windows 3.1, mfumo wenyewe ulikuwa unaiambia programu inapoanza kama kuna nakala iliyotangulia. Kigezo hicho, hPrevInstance, kipo hadi leo kwenye WinMain, mahali programu ya Windows inapoanzia, ila tangu Win32 (Windows za biti 32) daima ni tupu. Kwa hiyo kila mtu anajitafutia.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Programu ikianza inaunda faili tupu kwenye folda yake, ikifungwa inalifuta. Ikilikuta lipo, inasema "Programu imeshafunguliwa" na kujizima. Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Ya tatu umeme ukakatika mchana, kompyuta ikazimika ghafla, na asubuhi yake saa mbili simu ikalia: "Kaka, inasema imeshafunguliwa, lakini mbona sioni kitu? Watu wamejaa hapa." Nilimwelekeza kwa simu alitafute faili na kulifuta, huku nikisikia wateja wakilalamika nyuma yake. Faili halijui kwamba aliyeliweka amekufa.

Rafiki yangu mmoja akasema tumia poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba: nakala ya kwanza inaishika, ya pili ikishindwa kuishika inajua imechelewa. Wazo si baya, ila mimi nikasahau kuibana kwenye 127.0.0.1, anwani ya kompyuta kujiongelesha yenyewe, nikafungua kwa anwani zote. Windows ikamtolea keshia dirisha la kumuuliza kama anairuhusu programu itumie mtandao. Akaogopa, akampigia mama. Nikaachana na poti.

Ndipo nikakutana na QLocalServer, kifaa cha Qt cha programu kuongea ndani ya kompyuta moja, ambacho kwenye Linux inatumia soketi ya ndani ya mashine na kwenye Windows inatumia bomba lenye jina, njia ya kupitishia ujumbe. Nikaandika hivi: jaribu kusikiliza kwa jina fulani, ukikubaliwa wewe ni wa kwanza, ukikataliwa wewe ni wa pili. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu ikafanya kazi kama saa. Nikaipeleka dukani kwa bodaboda, nikabofya mara mbili kuwaonyesha, na madirisha mawili yakafunguka mbele ya macho ya mama.

Nilirudi nyumbani nikasoma maelezo ya Qt neno kwa neno, jambo ambalo ningelifanya mapema ningeokoa nauli. Yanasema wazi: kwenye Windows, seva mbili zinaweza kusikiliza bomba moja kwa wakati mmoja, na anayeunganisha ataishia kwa mojawapo. Linux nayo ina lake: nakala ya kwanza ikifa vibaya, faili la soketi linabaki, na inayofuata inakataliwa na marehemu. Dawa yake ni removeServer, amri ya kuliondoa faili hilo, lakini ukiiita ovyo unamng'olea mlango aliye hai.

Hapo ndipo nikaona nilipokuwa napotea. Nilikuwa nataka kitu kimoja kijibu maswali mawili: nani ametangulia, na nitaongea naye vipi. Nikayatenganisha. Swali la kwanza nikalipa QLockFile, kifaa cha Qt cha kuweka kufuli kwa faili. Faili lake la kufuli linaandikwa namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) uliolishika, kwa hiyo umeme ukikatika, nakala inayofuata inaangalia kama mchakato huo bado upo, na kama haupo inalichukua kufuli. Kitu kimoja tu cha kuangalia: kwa kawaida kufuli lenye zaidi ya sekunde 30 linahesabiwa limechakaa, na duka linafunguliwa kutwa nzima. Ndiyo maana nikaweka setStaleLockTime(0), yaani kufuli lisichakae kwa sababu ya muda tu. Aliyeshika kufuli peke yake ndiye anayeruhusiwa kuita removeServer na kusikiliza.

Swali la pili ni mazungumzo, na hapa nilijifurahisha kidogo. Nakala ya pili ikikosa kufuli inaunganisha kwenye bomba na kuandika HODI. Ya kwanza inajibu KARIBU na namba yake ya mchakato. Ya pili inatuma njia ya faili la oda, inasubiri SAWA, inaondoka. Isipojibiwa inarudia, na kwa kuwa hodi ni tatu, baada ya ya tatu inamwambia mtumiaji kwa maneno kwamba nakala iliyopo haiitiki.

Namba ile ya mchakato si mapambo. Windows haikubali programu iliyo nyuma ijirushe mbele ya mtumiaji yenyewe. Kitufe chake kinamweta chini ya skrini, basi, na keshia hakioni. Lakini nakala ya pili imeanzishwa na mtumiaji sasa hivi, haki ya kuwa mbele inayo yeye. Kwa hiyo kabla haijaondoka inaita AllowSetForegroundWindow kwa namba ya mwenzake, yaani inamwachia kiti. Mstari mmoja tu kwa ctypes, inayoiwezesha Python kuita amri za Windows, na ulinichukua siku mbili kuupata.

Kulikuwa na tatizo jingine. Nakala ya kwanza ilikuwa inashika kufuli, kisha inatumia sekunde kama kumi kupakia bidhaa zote kabla ya kusikiliza. Keshia akibofya ndani ya sekunde hizo, hodi inapigwa kwenye nyumba ambayo mtu yumo lakini bado anavaa. Nikageuza mpangilio: kufuli, kusikiliza papo hapo, halafu bidhaa zipakiwe kwenye uzi wa pembeni, yaani kazi inayokwenda sambamba na dirisha. Oda zikija mapema zinapangwa foleni hadi dirisha liwe tayari. Pia njia ya faili inageuzwa kuwa kamili kabla ya kutumwa, maana folda ya nakala ya pili si lazima iwe folda ya ya kwanza.

Mama ana akaunti yake ya Windows kwenye kompyuta hiyohiyo, na jioni huingia bila kumtoa keshia. Kanzidata ni moja, kwa hiyo kufuli nimeliweka kando yake, kwenye folda ambayo wote wana ruhusa ya kuandika, na jina la bomba nimelitia jina la mtumiaji. Mama akifungua hapati dirisha la keshia. Anapata ujumbe kwamba programu iko wazi kwenye akaunti nyingine. Hilo hajalipenda, na bado tunabishana.

Keshia naye hajabadilika. Juzi nilifungua faili la matukio nikakuta saa 3:12 asubuhi: HODI, HODI, HODI, zote ndani ya sekunde mbili. Na KARIBU tatu.