Nilivyohamisha mfumo wa faili kutoka kurasa kwenda folio

Mfumo wa faili ninaoutunza uliandikwa kabla Linux 5.16 haijaleta folio (njia mpya ya kushika kurasa za kumbukumbu kwa makundi), kazi iliyoongozwa na Matthew Wilcox. Haumo ndani ya keneli rasmi, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa hiyo kila toleo jipya likitoka, kuusawazisha ni juu yangu. Nilikwepa kwa miezi. Toleo la 5.19 lilipoiondoa readpage, fankisheni ya kusoma ukurasa wa faili, na kuweka read_folio, ukagoma kabisa kukompaili.

Kwa asiyezoea mambo haya: kwenye mashine nyingi keneli hukata kumbukumbu katika kurasa za baiti 4096, na kila ukurasa una rekodi yake, struct page, ambayo kwa kawaida ni baiti 64. Data ya faili ikisomwa hukaa kwenye kurasa hizo. Tabu ni kwamba kurasa zinaweza kuunganishwa kuwa kundi, na ukikabidhiwa rekodi moja hujui kama ni ya kichwa cha kundi au ya mkiani. Ndiyo maana fankisheni kibao zilikuwa zikianza kwa kuita compound_head, tena na tena, kuulizia kichwa kilekile. Folio inamaliza udadisi huo: ukiishika, umeshika kundi zima, na kundi lenyewe linaweza kuwa la ukurasa mmoja tu.

Nilianza kivivu, kubadilisha majina. lock_page ikawa folio_lock, SetPageUptodate ikawa folio_mark_uptodate. Siku mbili tu, ikakompaili, na majaribio ya xfstests, yale ya kupima mifumo ya faili, yakapita. Nikajiona bingwa. Kumbe folio zangu zote zilikuwa bado za ukurasa mmoja mmoja! Keneli haikupi kubwa mpaka mfumo wa faili useme unaziweza, kwa kuita mapping_set_large_folios.

Nikaongeza mstari huo kwenye mashine pepe, nikarudia majaribio. Faili ya baiti 5000 ikarudi ina pengo: baiti 904 za mwanzo nzima, kisha sifuri tupu hadi ya 4095, halafu data inaendelea kama kawaida. Nililaumu diski, nikalaumu kufuli, nikapoteza jioni nzima. Kilichonizindua ni hiyo 904. Toa 4096 kwenye 5000, unaipata.

Mkosaji alikuwa mstari wangu mwenyewe, ule unaofuta masalia baada ya mwisho wa faili (isize ni ukubwa wa faili, PAGE_SIZE ni ule wa ukurasa mmoja):

folio_zero_segment(folio, offset_in_page(isize), PAGE_SIZE);

Folio ilikuwa ya kurasa mbili, lakini mimi nilikuwa napima nafasi ndani ya ukurasa. Badala ya kusafisha kuanzia 5000 hadi 8192, nikawa nafuta data halali ya ukurasa wa kwanza. Dawa yake ni offset_in_folio na folio_size.

Hapo nikaacha kuamini majina. Nilitafuta kila palipoandikwa PAGE_SIZE na kujiuliza: huu ni ukubwa wa ukurasa kweli, au mwandishi alimaanisha kila kilichomo mkononi? Mara nyingi alimaanisha la pili. Viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, nikavikata vidogo, fankisheni moja kwa kiraka, na kila kimoja nikakijaribu folio kubwa zikiwa zimewashwa.

Sehemu ya mfumo wangu inayoshughulikia data iliyobanwa sijaigusa. Faili zake hazipitii mstari ule wa mapping_set_large_folios, kwa hiyo bado zinapewa folio za ukurasa mmoja.